Jicho Moja, Vipimo Viwili

Kwa miaka kumi na mitatu hakuna mtu wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, aliyewahi kumrudishia Akilimali picha. Harusi, ubatizo, kwaya zenye sare mpya, vijana waliomaliza shule, hata mazishi ya watu wazito, wote walipita kwenye studio yake ya mabati pembeni mwa soko na wote waliondoka wameridhika. Kwa hiyo asubuhi ile Kankindi alipoingia na albamu kwapani, uso umemkunjamana kama mtu anayeumwa jino, Akilimali alidhani amekuja kuagiza nakala zaidi.

Kankindi alikuwa mama wa Kirundi, muuza ndagala pale sokoni, na wiki mbili nyuma alikuwa amemwoza binti yake. Aliitupa albamu mezani.

"Akilimali, mi nilikukosea nini?"

"Kuko nini, mama?"

"Fungua! Picha ya kanisani, siko. Picha ya keki, siko. Hapa kuko mukono yangu tu na sahani. Mutoto njo wangu, nilimuzala mi mwenyewe, na ku ndoa yake siko!"

Akilimali alifungua ukurasa baada ya ukurasa. Mama alikuwa anasema kweli. Kila mahali alikuwa amesimama mwisho wa mstari, upande wa kushoto wa picha, na kila mahali picha ilikatika kabla ya kumfikia.

Gentille, mke wa Akilimali, ndiye aliyekuwa akichapisha picha nyuma ya pazia. Alitoka akifuta mikono, akaitazama albamu, kisha akashusha bahasha nyingine kutoka rafuni na kuzimwaga mezani.

"Papa Arlène," alisema polepole, akimwita mumewe kwa jina la binti yao, "si hii moja tu. Angalia hii ya kwaya. Angalia hii ya batoto ya masomo. Tangu mwezi wa tano, bantu ba kushoto banakatika. Mi nilizania ni apareye njo inaharibika."

Lakini apareye, ile kamera nyeusi aliyoitunza kuliko viatu vyake, haikuwa na kosa. Akilimali alimpa Gentille aishike, akasimama mlangoni na Kankindi, naye Gentille akabonyeza. Wote wawili wakatokea wazima. Kisha Akilimali akaichukua yeye, akamsimamisha mkewe na Kankindi palepale, akaweka jicho la kulia kwenye kitundu cha kamera kama alivyofanya maisha yake yote. Alipoiona ile picha aliketi. Gentille alikuwemo. Kankindi alikuwa bega tu.

Akafumba jicho la kushoto, akatazama ukutani kwa jicho la kulia peke yake. Pale palikuwa na kalenda ya kanisa. Akikaza macho kwenye msumari wa saa, kalenda ilikuwa haipo. Haikuwa imefunikwa na giza wala ukungu. Ukuta ulikuwa umeendelea tu, mweupe, kana kwamba hapakuwahi kutundikwa kitu. Hilo ndilo lililomtisha. Giza angelijua, amefanya kazi na giza tangu ujana. Lakini jicho hili lilikuwa limemdanganya kwa utulivu namna ile, miezi mitano mfululizo.

"Mama Kankindi," alisema, "unisamehe. Kosa ni yangu, lakini sikuiona. Lete bageni bako siku ya Mungu, bavae vile walivaa. Tutarudilia yote."

Na Jumapili ile walizirudia picha kweli. Bibi harusi alivaa gauni lake tena, keki iliazimwa ya mfano, na Gentille alisimama nyuma ya mumewe akikagua kila picha kabla watu hawajasogea. Kankindi aliondoka akicheka, akiwa katikati ya kila ukurasa. Akilimali naye siku iliyofuata alikwenda kituo cha afya.

Alikuwa na miaka hamsini na minne. Kazi ya picha alijifunza katika mji wa Baraka, upande wa Fizi huko Kongo, kwa mjomba wake aliyekuwa na chumba cha giza nyuma ya nyumba, enzi za filamu na dawa za kunukia siki. Alipokimbia vita alibeba vitu viwili visivyoliwa: kamera, na kitabu cha mjomba cha kuandikia kila picha ilipigwa kwa mwanga gani. Watu walimcheka njiani. Lakini kamera hiyo ndiyo iliyomlipia mahari ya Gentille zamani kule Baraka, ikawalisha Dzaleka, ikamsomesha Arlène, binti yao, ambaye sasa ni mwalimu kwenye shule ya chekechea. Kwa hiyo Akilimali hakuwa mtu wa kulia haraka. Alikuwa amezoea kuamini kwamba kila kitu kina chanzo chake, na chanzo kikijulikana, kazi inaendelea.

Muuguzi wa macho aliyekuja kambini kila mwezi alimpima presha ya jicho la kulia, akapima tena, akaandika thelathini na moja, na kwa kawaida haipaswi kuvuka ishirini na moja. "Hii ni glakoma," alimwambia. "Presha ya macho. Nenda Lilongwe, na usikawie."

Akilimali na Gentille wakapata karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, wakapanda kabaza, baiskeli za abiria, hadi barabara kuu, na kufika kliniki ya macho kabla ya saa nne. Huko ndiko alikokutana na Dokta Tamanda, mwanamke wa Kimalawi mwenye umri wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye tabia ya kuvua miwani anapotaka kusema jambo zito. Waliongea Kichewa. Kichewa cha Akilimali kilikuwa cha sokoni, lakini hakikuwa na woga.

Dokta alimkalisha mbele ya bakuli kubwa jeupe la kupimia macho, akamwambia abonyeze kitufe kila anapoona nukta ya mwanga ndani yake. Kisha akamwonyesha karatasi iliyotoka. Upande mmoja wa jicho la kulia ulikuwa umepigwa weusi.

"Bambo Akilimali," alisema, na miwani ikavuliwa. "Sehemu hii imekufa. Haitarudi, hata kwa dawa, hata kwa upasuaji. Sitakudanganya. Kazi yetu mimi na wewe ni kuilinda iliyobaki. Na iliyobaki ni nyingi."

Akilimali alitia mfukoni chupa za dawa ya matone alizopewa, akatoka nje na mkewe. Walitembea mpaka kituo cha basi. Gentille hakumwambia pole. Walipofika alimuuliza:

"Jicho ya kushoto inaona?"

"Inaona muzuri."

"Basi tutatumika na ile."

Mtu anayejaribu kuhamishia kamera jicho la pili akiwa na miaka hamsini na minne hujikuta kama mtoto. Pua ilizuia, kidole gumba hakikujua pa kukaa, na picha za wiki ya kwanza zilipinda zote kama meza iliyokosa mguu. Lakini mwezi ulipoisha alikuwa amepata mkono wake tena, na kwaya ya akina mama ilipomwita hakukataa.

Miezi miwili baadaye Dokta Tamanda alimpigia simu. Alikuwa ameanza utafiti. Kliniki ilikuwa na mashine kubwa inayopiga picha ya jicho kwa mwanga, mgonjwa akiwa ameketi, kidevu juu ya kibao, bila kuguswa. Na sasa walikuwa wameazimwa mashine nyingine, inayotumia sauti kama ile ya kumchungulia mtoto tumboni. Hiyo ya sauti iliingia kwenye sanduku moja, mtu akaweza kuibeba kwa gari mpaka wilayani. Ikiwa vipimo vyake vitalingana na vya ile kubwa, watu wa Dowa, wilaya yenye kambi, wasingelazimika tena kuja mjini kwa kipimo hicho. Dokta alitaka wagonjwa sitini wa glakoma wapimwe kwa mashine zote mbili.

"Unapima nini hasa?" Akilimali aliuliza.

"Pembe," Dokta alijibu. "Jicho linatengeneza maji yake, na maji hayo yanatokea kwenye pembe ndogo, pale ambapo kioo cha mbele kinakutana na ile duara yenye rangi. Kuna watu pembe yao iko wazi, ila mfereji ni mvivu. Hao tunawapa matone. Wengine pembe yenyewe ni nyembamba, chini ya nyuzi ishirini, duara inalala juu ya mfereji na kuuziba. Hao tunawatoboa tundu dogo kwa leza. Nikikosea pembe, nitakosea tiba."

Akilimali akakubali, na siku ya kwenda akaongozana na Nibigira, jirani yake mjane wa Kirundi aliyekaanga mandazi karibu na studio. Nibigira alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupimwa, wiki ambayo mashine ya mwanga ilikuwa inatengenezwa. Ile ya sauti peke yake ilimpima, ikasema pembe iko wazi, nyuzi ishirini na saba. Lakini mama wa watu alikuwa anaumwa. Kila giza likianza kuingia, akiwa jikoni kwake pasipo na dirisha, jicho lilimgonga kwa maumivu, taa akaiona imezungukwa na upinde wa rangi, na mara mbili alitapika. Dokta alikuwa amemwambia arudi yakiendelea.

"Ile mashini inasema mi niko muzima," Nibigira alinung'unika njiani. "Labda ni kichwa yangu njo mubaya."

"Kichwa yako haina kitu, mama," Akilimali alimjibu. "Tutauliza."

Kliniki ilikuwa imewapangia saa sita. Kelly, fundi wa vipimo, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, alianza na Akilimali. Kwenye mashine ya mwanga mambo yalikwisha kwa dakika moja: chumba giza totoro, kidevu kibaoni, usipepese, tayari. Kwenye ya sauti alilazwa kitandani chali. Kelly alimtia tone la ganzi, akamwekea jichoni kikombe kidogo kisicho na kitako, akakijaza maji ya uvuguvugu, kisha akachovya humo ncha ya kifaa chake na kuanza kukizungusha taratibu. Hakikuuma. Jicho la kushoto lilibaki wazi likitazama dari, na kwa kuwa lilikuwa jicho lake jipya la kazi, Akilimali aliliacha litazame.

Baadaye aliomba kuziona picha zenyewe.

Kelly alitabasamu. "Bambo, hizi si picha za harusi."

"Nimeona. Lakini ninyi mmepiga picha, na mimi napiga picha. Nionyesheni tu."

Dokta Tamanda, aliyekuwa mlangoni, aliingia na kugeuza kioo cha kompyuta kumwelekea. Uso wake haukuwa na furaha. "Hata mimi nilikuwa nataka kuziangalia vizuri," alisema. "Mashine ya mwanga inasema pembe yako ni nyuzi kumi na nne. Ya sauti inasema ishirini na nne. Jicho hilohilo, saa hiyohiyo. Na si wewe tu. Nimepima watu thelathini na wanane, na wengi wako hivi. Nikiandika hivi, ina maana mashine ya sauti haifai, na nitairudisha ilikotoka."

Akilimali alisogeza uso karibu, akafumba jicho la kulia. Picha zilikuwa za kijivu, kama udongo uliokatwa kwa panga. Dokta alimwonyesha: kioo cha mbele hiki, duara ile, na katikati ya duara mwanya unaopitisha mwanga. Akilimali alitazama ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza. Hakujua lolote kuhusu pembe. Lakini mwanya aliujua. Ameufungua na kuufunga kwenye kamera kwa miaka thelathini na mitano.

"Dokta," alisema, "hizi hazikupigwa kwenye mwanga mmoja."

"Zilipigwa gizani zote mbili."

"Hapana. Angalia. Katika hii ya mwanga, mwanya umefunguka, na duara imejikusanya pembeni, nene, kama pazia lililosukumwa ukutani. Katika hii ya sauti mwanya ni mdogo, duara imenyooka. Jicho hili la pili lilikuwa linaona mwanga."

Kelly alikunja uso. "Tumefuata karatasi ya utafiti, bambo. Kila asubuhi napima mwanga wa vyumba vyote viwili. Naandika. Vyumba vinalingana."

"Kipima mwanga unakiweka wapi?"

"Mezani, karibu na mlango."

"Na jicho la mgonjwa liko wapi?"

Kelly alikigeukia kitanda. Dokta Tamanda alikuwa amekwisha kuvua miwani.

"Nilipolala," Akilimali aliendelea, "niliona juu yangu kidirisha cha darini. Kimezibwa kwa kitambaa, lakini kitambaa kimelegea upande mmoja, na jua la saa sita linaingia. Aliyesimama hakioni. Mimi nilikitazama muda wote."

"Lakini jicho lililopimwa lilikuwa chini ya kikombe," alisema Kelly. "Lililoona dirisha ni lile lingine."

"Hapo sijui," Akilimali alikiri. "Mimi najua kamera, ambayo ina jicho moja."

Dokta ndiye aliyelijibu hilo, kwa sauti ya chini, kana kwamba anajisemea. "Macho mawili hufunga mwanya pamoja, Kelly. Ukimulika moja, la pili linafuata. Tulifunzwa hilo mwaka wa kwanza."

Kisha akafanya jambo ambalo Akilimali alilisimulia kambini kwa wiki nzima. Alivua viatu, akapanda kitandani na koti lake jeupe, akalala chali, akaweka mikono tumboni. Mwanga mwembamba kutoka darini ulikuwa umemkata uso kuanzia paji mpaka shavuni.

"Nimekaa na chumba hiki miezi minne," alisema hatimaye. "Sikuwahi kulala hapa."

Hakumgombeza Kelly, na Kelly hakujitetea zaidi. Dokta aliuliza tu ngazi iko wapi. Akilimali aliwaambia wasihangaike na kitambaa kile, kwa sababu kitambaa cheusi machoni pa mtu si cheusi machoni pa mwanga. Alimtaka Kelly waende Kawale, wakanunue plastiki nzito nyeusi, ile ya kutandika chini ya zege, na utepe mpana wa gundi. Kwenye soko la Kawale aliikunja plastiki mara mbili, akainua kuelekea jua, akakataa ya kwanza, akakataa ya pili, akaikubali ya tatu. Muuzaji alimuuliza anajenga nini. "Chumba cha giza," alisema Akilimali, na moyo wake ulikuwa mwepesi kama siku za Baraka.

Yeye ndiye aliyepanda ngazi. Kelly alitaka kupanda, lakini Akilimali alisema kuna namna ya kuziba kona, na namna hiyo haielezeki kwa maneno. Walipomaliza, Kelly alichukua kipima mwanga mezani bila kuambiwa, akakiweka juu ya mto, pale kichwa kinapolala. Akasoma. Akachukua kalamu moja kati ya zile tatu, akaandika.

Wakampima Akilimali upya. Mashine ya mwanga: nyuzi kumi na nne. Mashine ya sauti: kumi na tano.

Dokta alivuta kiti akaketi, na Kelly alirudia kipimo mara mbili zaidi, kumi na tano, kumi na nne na nusu, akizitazama namba zile kwa makini.

"Mleteni Nibigira," alisema Dokta.

Nibigira alilala akiwa amemshika Akilimali mkono, kwa maana wazo la maji jichoni halijawahi kumpendeza hata mara moja. Safari hii gizani, mashine ile ile iliyompa ishirini na saba ilimpa kumi na moja. Ile ya mwanga ikampa kumi. Kwenye kioo duara ilionekana imelala kabisa juu ya mfereji.

Dokta alimweleza kwa Kichewa, na Akilimali akageuza kwa Kiswahili: "Mama, kichwa yako iko sawa. Ni giza. Ukiingia mu jikoni, jicho inafunguka kutafuta mwanga, na ile ngozi ya rangi inaenda kuziba njia ya maji. Presha inapanda, njo unaumwa. Mu mwanga jicho yako inajificha, ndiyo maana mashini haikuona."

Nibigira alisikiliza mpaka mwisho. Halafu machozi yakamtoka. "Banasema sikukuwa naongopa?"

"Hukukuwa unaongopa."

Alifanyiwa leza alasiri ileile, macho yote mawili. Alisema ilikuwa kama mtu anayekugonga kwa ukucha, mara kumi, mara kumi na tano, basi. Akilimali alifuata siku ya pili, baada ya kulala Nsungwi, mtaa wa Lilongwe, kwa dada mmoja wa kanisa lao, Cécile, aliyeolewa na Mmalawi na ambaye hakuishiwa maswali usiku ule mpaka nsima, ugali wa Kimalawi, ikapoa. Leza haikumrudishia upande uliokufa. Alilijua hilo alipokuwa akiingia, na alipotoka hakuutafuta. Lakini presha ilishuka mpaka kumi na sita, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya Kankindi alihisi kwamba ardhi aliyosimama juu yake imetulia.

Iliyobaki ilikuwa kazi ngumu ya watu wengi. Wale thelathini na wanane ilibidi waitwe tena, wote. Wengine walihamaki, wakasema mbona walikwisha kupimwa. Dokta Tamanda aliongea nao mmoja mmoja na kuwaambia wazi kwamba chumba kilikuwa na mwanga na kosa lilikuwa lake. Wa Dzaleka walikuwa tisa, na hao Akilimali aliwapitia mwenyewe, mlango kwa mlango. Mmoja alimuuliza kwa nini amwamini daktari aliyekosea.

"Kwa sababu alilala kitandani akaangalia," Akilimali alimjibu. "Wewe unajua bakubwa wangapi banaweza kufanya vile?"

Wakarudi wote, wa Dzaleka na wengine, isipokuwa mmoja aliyekuwa amekwisha kuhamia kwingine. Kati yao, watano waliopimwa kwa sauti tu wiki ile ya matengenezo na kuambiwa pembe iko wazi walikutwa na pembe nyembamba, na wakatobolewa kwa leza kabla ya madhara. Utafiti ulipofika watu sitini, hesabu ya mwisho ilionyesha kwamba mashine mbili zilitofautiana kwa nyuzi moja, moja na nusu. Dokta alimwita Akilimali ofisini kumwonyesha jedwali.

"Tofauti hii haibadilishi tiba ya mtu hata mmoja," alisema. "Mashine ya sauti haiendi popote. Yaani," akacheka, "itakwenda kila mahali."

Kwenye karatasi ya utafiti, sehemu ya maelekezo, palikuwa na sentensi mpya: mwanga upimwe mahali jicho la mgonjwa lilipo, mgonjwa akiwa amelala. Akilimali aliisoma mara mbili kwa Kiingereza chake cha kubahatisha.

"Umeandika jina langu?"

"Mwishoni, kwenye shukrani. Nimeandika 'mpiga picha, Dzaleka'."

"Zikomo, Dokta," alishukuru, na akaomba nakala mbili, moja ya Gentille na moja ya Arlène.

Mwezi wa nane sanduku la mashine ya sauti lilifika Dzaleka. Kanisa lilitoa chumba cha mazoezi ya kwaya, chenye madirisha mawili na mwanya mrefu kati ya ukuta na bati. Akilimali alianza kuziba tangu saa kumi na mbili asubuhi, na kufikia saa mbili Kelly alipoweka kipima mwanga juu ya mto, mshale haukutikisika. Nje, foleni ilikuwa imezunguka jengo. Nibigira alikuwa anapita na beseni la mandazi akiwaeleza watu habari za leza, akiongeza idadi ya mapigo kila alipozisimulia. Gentille alikuwa mlangoni na orodha.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Ndikuriyo, mzee wa kanisa, ambaye wajukuu zake ndio waliomlazimisha kuja. Aliingia, akakiona kikombe, akayaona maji, akasimama.

"Akilimali, hii bintu iko na lazima?"

"Iko na lazima, mzee."

"Inauma?"

"Mi nimelala pale mara nne. Haiumi. Ni uvuguvugu kidogo, nayo inapita."

Ndikuriyo alimtazama Kelly, akamtazama Dokta Tamanda aliyekuwa akijaza fomu kwa tochi ndogo iliyofunikwa kwa karatasi nyekundu, kisha akamgeukia tena Akilimali.

"Na ukishanilaza, kuko kitu gani mi natakiwa kufanya?"

"Kitu kimoja tu," Akilimali alisema, akimshika kiwiko na kumwongoza taratibu gizani mpaka ukingo wa kitanda. "Fungua macho yote mbili. Na ukiona mwanga kidogo hata wapi, hata kama ni kidogo namna gani, sema."

Mzee akavua kofia, akalala, na Dokta akazima tochi. Akatazama juu kwa muda mrefu.

"Sioni kitu," alisema.

"Muzuri sana," akajibu Akilimali. "Kelly, anza."